Mgeni Mwenye Miguu ya Kushoto

Tarehe 9 Februari

Shangazi,

Kabla ya shikamoo na kabla ya habari za nyumbani, acha nilitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu. Mgeni ana mguu. Ni mmoja, wa kushoto, kuanzia kifundo hadi vidole. Nimemwekea mimi. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama wala Baba, na nikiwa mbele yake naona kama nimeingia chumba cha mtu bila hodi. Sanamu ni yako na sikukuomba ruhusa.

Basi, shikamoo Shangazi. Samahani kwa kuanza kinyumenyume. Sisi hatujambo. Mama anashona kama kawaida, cherehani imewekwa karibu na dirisha siku hizi ili aone uzi. Asubuhi anachota maji ya kuoga ya Baba na kumpelekea mpaka mlangoni, kisha ndipo anakaa kwenye kazi. Baba hajambo. Mchana anasikiliza redio. Mimi nimemaliza shule, matokeo si mabaya wala si ya kujisifia. Mama anasema si nikupigie simu tu, lakini unanijua. Nikishika simu ulimi unaganda, nabaki kuitikia "ee" na "haya" mpaka salio linaisha.

Nimepata nafasi ya kujifunza kazi katika karakana ya viungo bandia, nyuma ya hospitali. Mkuu wetu ni mama mmoja mnene mwenye sauti, tunamwita Mama Plasta. Mtu aliyekatwa mguu akija, tunazungushia bendeji yenye plasta kwenye kigutu chake, ikikauka tunaivua kama soksi. Ndani ya soksi hiyo tunamimina plasta nyingine, na likitoka umbo lake mimi nalipiga tupa mpaka lilainike. Juu ya umbo hilo ndipo plastiki ya moto inavutwa kutengeneza mguu. Umbo lenyewe baadaye linavunjwa kwa nyundo na kutupwa shimoni. Kazi yangu siku nzima ni kusugua kitu kitakachovunjwa. Nikirudi nyumbani nina unga mweupe hadi kwenye nyusi, na mabega yananiuma kama nimebeba mizigo ya watu.

Mgeni yuko vilevile ulivyomwacha nikiwa na miaka saba. Ameketi uani, mikono magotini, uso umekamilika isipokuwa masikio, miguu inaishia vifundoni kwenye nondo mbili zenye kutu. Mama anaanika shuka kwenye mabega yake na kulalamika: "Wifi yangu ametuachia mgeni asiyekula wala kulipa kodi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata ufagio hajashika!"

Nilimwomba Baba anipe mguu wake wa kushoto nifanye mazoezi ya bendeji. Alikubali kwa shingo upande. Ile soksi ya plasta sikuitupa. Nilimimina saruji. Baba ana mguu wa kutafutiwa kiatu soko zima, kwa hiyo umemtosha Mgeni sawasawa. Shuka za Mama zinauficha.

Sasa ujumbe wa Baba, ameniambia niuandike bila kulainisha. "Mwambie dada yangu mvua zikiisha mafundi wanakuja kujenga vyumba vya kupangisha, na msingi unapita pale alipoketi mgeni wake. Kama anamtaka, aje ammalizie. Fundi haachi kazi katikati. Kama haji, nyundo ninayo."

Utakuja?

Mwanao, Kimya


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu la kazi mpaka pembe zake zimelegea. Mimi mzima. Huku ugenini ni baridi tu, na kazi ni nyingi. Mwambie mama yako kwamba nimemsikia mpaka huku, na kwamba mgeni wangu anamshikia shuka kila siku bila ujira, ni jembe gani tena anataka?

Kuhusu mguu, sikukasirika. Nilicheka. Miaka kumi na moja sikumfikiria yule mwanamke wa saruji kuwa na miguu. Nilikuwa nimezoea kumwota ameishia vifundoni, kama mtu aliyesimama kwenye maji ya udongo.

Lakini mwanangu, wewe ni mkimya, si mjanja. Umesema ulizungushia plasta mguu wa kushoto wa baba yako kwa mazoezi. Anayejifunza hufanyia mazoezi miguu yote miwili. Umesema mama yako anampelekea maji mpaka mlangoni. Umesema mchana anasikiliza redio. Kaka yangu, nyumbani mchana, siku ya kazi! Yule ambaye mafundi wenzake walimpa jina la Timazi kwa sababu hakuna ukuta aliojenga ukapinda, na hakuna siku aliyochelewa kufika kwenye ukuta huo!

Mguu wa kulia wa kaka yangu uko wapi?

Nijibu hilo kwanza. La kuja tutalizungumza. Sasa hivi tunamalizia kazi kubwa, nashinda juu ya ngazi na barakoa usoni, nasugua kwa msasa laini kuliko karatasi ya barua hii. Vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mtu akimaliza upande mmoja anaambiwa aanze tena. Nikifika kwangu nakaa kitandani na viatu, nasahau nilitaka kufanya nini.

Shangazi yako


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo na kifua chako kimepona vumbi. Sisi tuko salama. Mvua zinanyesha vibaya, karakana imevuja juu ya mashine ya kupashia plastiki, tukashinda tumeinua ndoo. Mama anakusalimu. Amesema ujira wa mgeni wako ni kusimamiwa na kunguru, na kunguru wanachafua shuka.

Nilikatazwa kukuambia. Baba alianguka mwaka juzi kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili. Mguu wa kulia uliwekewa vyuma, ukaoza, wakaukata chini ya goti. Alisema, "Dada yangu asiambiwe. Asije akarudi kwa huruma. Akirudi, arudi kwa kazi yake." Sasa nimeshaivunja amri.

Anatembea kwa magongo mawili. Mguu wa bandia hautaki kuusikia. Mama Plasta alikuja nyumbani mwenyewe amebeba mmoja kwenye mfuko, akauweka mezani, akamwambia, "Fundi, tazama, ni kazi safi hii." Baba aliugeuza, akaupima kwa jicho moja kama anavyopima ukuta, akasema, "Kazi ni safi. Lakini sitembelei sanamu mimi. Nina moja uani, inatosha." Mama Plasta akajibu kwamba tangu aanze kazi ametukanwa na watu wa kila namna, ila hajawahi kuitwa mchonga sanamu. Walicheka wote wawili. Alipoondoka, Baba aligeuza kiti kikatazama ukuta.

Nina aibu nyingine, Shangazi. Mgeni ana miguu miwili sasa, na yote ni ya kushoto.

Usicheke kwanza. Soksi ile ya plasta ilikuwa nzima, nikamimina saruji mara ya pili, pale pale karakana, wakati wa chakula wenzangu wakiwa nje. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nafikiria jambo moja tu, apate miguu kabla mvua hazijaisha. Nyumbani nimeufunga kwenye nondo, nimeujazia, nimeulainisha kwa kidole. Niliporudi nyuma kutazama ndipo nikaona vidole gumba vyote viwili vinatazama upande mmoja. Katika karakana yetu hilo ndilo somo la kwanza, kushoto na kulia, limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Nilijaribu kuung'oa, lakini saruji ilikuwa imekamata. Nimeshusha shuka.

Sasa na mimi nikuulize. Barua yako imenieleza ngazi, barakoa, msasa na vumbi. Haikunieleza sanamu yenyewe. Ni mtu? Ni mnyama? Inaitwaje? Nitumie picha ya kazi yako, nimwonyeshe Baba, labda atamheshimu Mgeni kidogo.

Na la kuja, hukunijibu.

Kimya


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wote nyumbani nawasalimu. Nilipofika pale uliposema "wakaukata chini ya goti" niliacha kusoma, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Sitamwandikia kaka. Akijua najua, itakuwa ile huruma aliyoikataa. Wewe mwangalie tu. Usimsaidie kusimama mpaka aombe.

Umejifunza kusoma yasiyoandikwa, na mwalimu ni mimi, basi sina wa kumlaumu. Sanamu niliyokuwa nasugua ni yai. Yai la chuma linalong'aa, refu kama nyumba ya ghorofa. Si langu. Ni la msanii mwenye jina, tunamwita Bwana Mkubwa. Yeye alilichora kwenye karatasi akiwa safarini. Anakuja mara moja moja, anazunguka, anaonyesha kwa kidole, "Hapa tena," na anaondoka. Sisi tunasugua. Limeshapelekwa mbele ya benki, na watu wanasimama kujipiga picha wakijiona kwenye tumbo lake. Sisemi ni baya. Jioni linameza anga lote, linapendeza. Na Bwana Mkubwa si mtu mbaya, mshahara hauchelewi.

Nilipomaliza chuo nilifanya onyesho moja langu mwenyewe. Wengi waliokuja walikuwa wanakwepa mvua. Tangu hapo sijafinyanga kitu changu. Jioni mikono inatetemeka, kijiko kinanigonga meno. Ndiyo maana hakuna picha.

Usiniulize sanaa inaifaa nini jamii. Chuoni niliandika insha ndefu kuhusu swali hilo hilo, nikapewa alama nzuri sana. Leo nusu ukurasa ingenishinda. Tazama: chumba kinalaza mtu. Mguu unaotengeneza wewe unatembeza mtu. Mgeni wangu anafanya nini zaidi ya kuketi?

Siji, mwanangu. Nikitoka hapa siwezi kurudi tena, na huko sina cha kujia isipokuwa saruji niliyoiacha nikiwa na umri ambao mtu anadhani ana muda. Mwambie kaka avunje. Mwambie nimekubali, na kwamba ni kweli fundi haachi kazi katikati. Labda sikuwa fundi.

Miguu ya kushoto, nimecheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa pili.

Shangazi yako


Tarehe 30 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mvua zimekatika. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima ni vipande vya kitambaa cha bluu, tunakula navyo. Mimi nimefaulu jaribio la Mama Plasta. Alisema, "Mikono unayo, mdomo utaununua wapi?" Watu wakacheka, na mimi pia kidogo.

Ujumbe wako sijaufikisha.

Umeniuliza Mgeni anafanya nini. Nimelifikiria swali hilo nikipiga tupa. Watoto wa jirani wanakaa mapajani mwake wakisukwa nywele. Mimi nikitoka shule nimechekwa, nilikuwa naketi pale, kwa sababu hakuulizi una nini. Najua si jibu la insha.

Halafu kuna mteja wetu, muuza mitumba, mama wa makamo. Alijaribu mguu wake mpya, ukamtembeza vizuri kabisa. Akaketi, akauvua, akasema, "Mmenipa mguu wa meza." Mama Plasta akamwambia, "Dada, unatembea, unataka nini tena?" Yule mama akasema, "Nataka shavu la mguu. Nilikuwa na mguu wa kutazamwa, mimi!" Nilipewa sponji na kisu, nikakaa nao siku tatu, nautazama mguu wake mzima, nachonga, nautazama tena. Alipouvaa alisimama mbele ya kioo akatazama nyuma yake, upande huu, upande ule. Hakusema asante. Alikwenda zake anatembea katikati ya njia. Kabla ya hapo, Shangazi, alikuwa akitembea akiambaa ukuta.

Sasa la Baba.

Juzi alitoka uani na kamba kupima msingi, kwa ajili ya mafundi. Shuka ilikuwa imemzuia. Akaisogeza kwa gongo. Nilikuwa nimeshika beseni na sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Aliinama karibu. Kisha akasema, "Huu mguu naufahamu." Alikigusa kile kidole kidogo kilichopinda, kile alichoangukiwa na tofali. Akahamisha macho. "Na huu pia naufahamu!"

Mama alichungulia kutoka kwenye cherehani, akaona, akacheka mpaka akaketi chini mlangoni. "Ewe mtoto! Wifi alituachia mgeni, wewe umemfanya mlevi!"

Baba hakucheka. "Ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi, Baba."

"Mtoto wa Timazi. Miguu miwili ya kushoto. Mafundi wanakuja hapa wiki ijayo, wakiona hivi watasema nini? Watasema nyumba hii ndiyo iliyojenga nusu ya mji?"

Sijui nilipata wapi sauti. "Lakini si utamvunja, Baba? Kibaya na kizuri vyote vinavunjika sawa."

"Havivunjiki sawa!" alisema, akapiga gongo chini. "Kuvunja kitu ni jambo moja. Kuvunja kitu kibovu, watu wakadhani kimevunjwa kwa ubovu wake, ni jambo lingine. Lete patasi."

Aliketi chini, akaubomoa mguu wa pili kwa kishindo kidogo kidogo, hakugusa nondo. Kazi nzuri, hata chembe haikuruka pembeni. Kisha akaniambia nisiguse, atachanganya saruji mwenyewe. Akasimama. Gongo moja kwapani, gongo jingine kwapani, karai chini, mwiko chini. Akatazama karai. Akajaribu kuliinua kwa mkono mmoja, saruji ikamwagika yote kwenye kiatu chake. Nilikumbuka ulivyoniambia, sikumsaidia. Ilikuwa vigumu kuliko kazi zote nilizofanya mwaka huu.

Alirudi ndani. Mafundi wamepigiwa simu wasije kwanza. Leo asubuhi, redio ikiwa imezimwa, ameniuliza huku anatazama dirishani, "Huyo Mama Plasta wenu anakaa ofisini siku gani?"

Nimechoka, Shangazi, lakini si uchovu ule wa mwanzo. Nikipata nafasi nitaandika zaidi.

Kimya


Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, salamu kwa wote. Naandika kazini nimekaa kwenye ngazi, kwa hiyo ni mafupi.

Mguu wa kulia hautamiminwa kwenye soksi ya plasta, maana haupo wa kuuzungushia. Kama ataufinyanga kwa mkono, mkumbushe jambo moja, na mwambie umeliota, usiseme ni mimi. Mguu wa kulia wa kaka yangu ulikuwa na kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Wa kushoto haukuwa hivyo. Tulipokuwa wadogo nilimtania kwamba mama alimuunganisha kwa watoto wawili. Dunia nzima tuliobaki tunaokumbuka utani huo tuko wawili, yeye na mimi.

Niliyosema ya kuja hayajabadilika. Siji. Lakini kuvunja, acha aamue mwenyewe, usimpelekee neno langu.

Wameleta yai jingine.

Shangazi yako


Tarehe 24 Novemba

Shikamoo Shangazi,

Hali zetu ni njema. Mama amemaliza sare na anadai hataki kuona kitu cha bluu tena, hata anga. Mimi sasa napewa wateja wangu mwenyewe, nawasalimu kwa sauti inayosikika, Mama Plasta anasema siku moja nitafika hata kuwauliza hali.

Baba ana mguu. Nililipiga tupa umbo lake mimi, kigutu chake cha plasta kilikaa kwenye meza yangu kama cha mtu mwingine yeyote, cheupe, na nilipomaliza sikuweza kulivunja. Mama Plasta alilichukua akalivunja yeye, bila kuniambia kitu. Wiki za mwanzo Baba alitukana kila mtu. Alisema unambana, unalia kama mlango, unamfanya atembee kama bata. Aliuvua akautupa. Akauokota. Sipendi kukudanganya, bado unamuumiza, na jioni anakaa na kigutu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Lakini mikono yake iko huru. Alichanganya saruji amesimama. Alinyanyua karai kwa mikono yote miwili, polepole, akaliweka chini mbele ya Mgeni, na Mama akasimamisha cherehani kusikiliza kama litaanguka. Halikuanguka.

Hakutaka soksi ya plasta wala kipimo. Alifinyanga kwa mwiko mdogo na kijiko cha jikoni, asubuhi tatu mfululizo. Alikuwa akitazama mguu wake wa kushoto kidogo, kisha anafumba macho, kisha anaongeza saruji. Sikuuliza. Nilimletea maji tu. Mara moja alisema, si kwangu, "Hapa palikuwa na kovu la msumari," akaliweka.

Barua yako ilifika mguu umekwisha kukauka. Nilikwenda uani nikainua shuka. Kidole cha pili ni kirefu kuliko gumba. Hakuna aliyemwambia, Shangazi. Niliketi mapajani mwa Mgeni kama zamani, ingawa sasa magoti yangu yanafika mbali, nikakaa mpaka Mama akaniita.

Mafundi walikuja Jumatatu. Ni vijana aliowafundisha yeye. Wakamzunguka Mgeni, mmoja akasema, "Fundi, hii miguu kafanya nani?" Baba akasema, "Wa kushoto mwanangu, wa kulia mimi." Yule kijana akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kile kidole kirefu. Kisha akauliza, "Sasa tunavunja?"

Baba alitazama kamba ya msingi. Nilijua Mama anasikiliza, na vyumba tunavihitaji, hilo sikufichi. Akasema, "Si kitu changu. Ni cha dada yangu. Anakuja kummalizia, bado kucha na masikio. Kitu cha mtu huwezi kukivunja naye yuko njiani."

"Anakuja lini?"

"Kazi zikimwachia. Huko ana kazi nyingi."

Basi wamepunguza chumba kimoja. Ukuta unafika kwa Mgeni, unapinda, unamzunguka, unaendelea. Ukuta wa kwanza uliopinda wa Timazi. Wenzake wanapita barabarani makusudi kuutazama, wanamtania, naye anawajibu, "Mwulizeni dada yangu akija." Mama analalamika kwamba mgeni huyu sasa ana chumba chake na bado halipi kodi. Lakini jana nilimwona anamfuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichobaki.

Baba ameniambia nikuulize, bila kulainisha, kama masikio ayaguse au akuachie. Anasema akuachie.

Kwa hiyo, Shangazi, lile uliloniandikia mwezi wa saba, ukalirudia mwezi wa kumi, sijamwambia mtu na sitamwambia. Nakuomba na wewe usimwambie Baba, hata akikuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie kazi ni nyingi. Mwambie unakuja. Usiniandikie tena kwamba huji, hata kama ni kweli, maana barua zako Baba ameanza kuniomba nimsomee.

Iwe siri yetu, mimi na wewe na yule aliyeketi uani.

Mwanao, Kimya